Huduma ya Rehani Hupimwa Siku ya Kukomboa

Huduma ya kuweka mali rehani ili kupata mkopo, ambayo mitaani huitwa kuweka poni au kuweka bondi, kwa kawaida husifiwa au kulaumiwa na wateja kwa mambo mawili: fedha zilitoka upesi kiasi gani, na zilikuwa nyingi kiasi gani. Nimeitumia huduma hii kwa nyakati mbalimbali na katika maduka yasiyofanana, na maoni yangu ni kwamba vigezo hivyo viwili humfaa mkopeshaji kuliko mkopaji. Duka lolote lenye fedha sandukuni linaweza kutoa mkopo kwa muda mfupi. Kazi iliyo ngumu, ambayo ndiyo mteja anailipia riba, ni kumrudishia mali yake ikiwa nzima, kwa gharama aliyoijua tangu mwanzo, siku atakapokuja kuikomboa. Tathmini hii imeandikwa kwa kuitazama huduma kutoka upande huo wa mwisho, na kwa sababu hiyo haina budi kuanza na neno kukomboa lenyewe, kwa kuwa nimeona mikataba miwili inayotajwa kwa neno hilo hilo ikimfikisha mteja mahali tofauti kabisa.

Kukomboa ni kulipa ili kupata kitu, lakini ni kitu ambacho mlipaji alikuwa na haki nacho kabla hajalipa. Mateka hukombolewa kwa sababu hakuwa mali halali ya aliyemshika. Mzigo hukombolewa bandarini, au hugombolewa kama wasemavyo wengi wa kazi hiyo, kwa sababu ulikuwa wa mwenyewe hata ulipozuiliwa ukisubiri ushuru. Mkufu uliowekwa rehani hukombolewa kwa sababu umiliki wake haukuhama. Kilichohama ni mkono ulioushika. Mtu aliyeuza baiskeli yake, kisha akaikuta mwaka uliofuata ikiuzwa dukani na kuichukua kwa fedha zake, ameinunua tena. Hajaikomboa, kwani mwenye duka angeweza kumtajia bei yoyote, au kumuuzia aliyefika mapema zaidi, na yeye asingekuwa na la kudai.

Tofauti hiyo huonekana waziwazi katika fedha. Anayekomboa hulipa deni lake na gharama zilizoandikwa, na bei ya soko haimhusu: kama dhahabu imepanda tangu alipoweka mkufu wake, faida ya kupanda huko ni yake. Anayenunua tena hulipa bei ya siku, na faida hiyo humwendea muuzaji. Siku hizi programu za simu nazo humwalika mtumiaji akomboe vocha au pointi, na matumizi hayo yamekwisha kuenea kiasi kwamba kuyapinga hakuna maana. Ila yamelifanya neno lionekane jepesi, kana kwamba kukomboa ni kubonyeza kitufe na kupokea zawadi. Katika duka la rehani neno hilo ni haki yenye tarehe ya mwisho, na mteja anapaswa kulisoma kwa uzito huo.

Maandiko ya zamani yalilichukulia hivyo. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, mtu aliyeuza nyumba ya kukaa ndani ya mji wenye ukuta alikuwa na haki ya kuikomboa kwa muda wa mwaka mzima, na mwaka ukipita bila kukombolewa, nyumba ikathibitika kuwa ya mnunuzi. Qurani, katika aya ya 283 ya Sura ya Al-Baqara, inamwelekeza aliye safarini na asiyepata mwandishi wa kuandika deni atumie rehani iliyokabidhiwa mkononi. Mafundisho hayo mawili hayafanani kwa mengi, ila kila moja limetaja jambo ambalo huduma ya leo haiwezi kulikwepa: la kwanza limetaja muhula, la pili limetaja makabidhiano ya kitu chenyewe.

Sasa nije kwenye kaunta. Hatua ya kwanza ni uthamini, na hapa ndipo duka zuri linapojitambulisha mapema, kwa sababu uthamini unaweza kufanyika mbele ya macho ya mteja au nyuma ya pazia. Kwa mkufu wa dhahabu, mthamini hutafuta kwanza alama ndogo iliyogongwa karibu na kifungio. Alama ya 750 ina maana kwamba sehemu 750 kati ya 1,000 za madini hayo ni dhahabu halisi, yaani karati 18; 916 ni karati 22, na 585 ni karati 14. Kwa kuwa alama inaweza kughushiwa, mthamini makini huusugua mkufu kwenye jiwe jeusi la kujaribia mpaka ubaki mchirizi mwembamba wa rangi ya dhahabu, kisha hudondosha tone la asidi juu yake. Mchirizi wa dhahabu iliyo chini ya kiwango kinachopimwa hufifia au kutoweka, na ule wa kiwango hubaki. Baada ya hapo mkufu huwekwa kwenye mizani.

Katika duka nililoridhika nalo zaidi, uso wa mizani ulielekezwa kwangu nami nikasoma uzito kabla mthamini hajautamka. Alinieleza pia kwamba kikuku nilichokuja nacho kingepunguzwa uzito wa vijiwe vilivyopachikwa, kwa sababu duka lilikopesha kwa dhahabu peke yake, na kwamba ufundi wa sonara hauhesabiwi. Maelezo hayo yanaweza kumuumiza mtu aliyenunua pambo kwa bei kubwa, lakini ni ya haki, kwa kuwa mkopeshaji anajilinda kwa thamani ambayo angeipata kama kitu kingeuzwa. Nilichokithamini ni kwamba hesabu ilifanywa kwa sauti: karati, gramu, bei ya gramu ya siku hiyo, na sehemu ya thamani hiyo ambayo duka liko tayari kukopesha. Mteja anayejua namba hizo nne anaweza kwenda duka la pili na kulinganisha. Mteja anayetajiwa jumla tu hana cha kulinganisha.

Niongeze hapa, kwa kuwa watu wengi hawalifikirii, kwamba mkopo mkubwa kuliko wote si lazima uwe bora kuliko wote. Mtu anayekusudia kukomboa anapaswa kukopa kiasi anachokihitaji, hata kama mali yake ingeweza kubeba zaidi, kwa sababu kila anachokipokea leo atakirudisha kikiwa na riba, na kadiri deni linavyokuwa dogo ndivyo njia ya kurudi inavyokuwa fupi. Duka lililoniuliza ninahitaji kiasi gani kabla ya kuniambia linaweza kunipa kiasi gani lilipata heshima yangu kwa swali hilo.

Hatua ya pili ni karatasi, na hii ndiyo sehemu ya huduma inayostahili muda mwingi kuliko zote. Stakabadhi ya rehani yenye kutosheleza inaeleza kitu kwa namna ambayo hakiwezi kuchanganywa na kingine: si mkufu wa dhahabu tu, bali mkufu wa karati kadhaa, gramu kadhaa, wenye alama fulani na mkwaruzo mahali fulani, si kompyuta tu, bali aina yake na namba yake ya kiwandani. Inataja kiasi kilichokopwa, riba na namna inavyohesabiwa, ada nyingine zote, tarehe ya mwisho ya kukomboa, na kitakachotokea baada ya tarehe hiyo. Inaeleza nani anaruhusiwa kukomboa kwa niaba ya mwenye mali. Na juu ya yote inamtaja mteja kuwa ndiye mwenye mali, na duka kuwa ndilo mshika rehani.

Nasisitiza jambo hili la mwisho kwa sababu duka mojawapo, ambalo sitalitaja, lilinipa karatasi iliyoandikwa juu kabisa kwamba ni hati ya mauziano. Kwa maneno ya mdomo mhudumu aliniambia ningeweza kuikomboa kamera yangu wakati wowote ndani ya mwezi mmoja. Kwa maandishi, nilikuwa naiuza moja kwa moja, na sentensi pekee iliyogusa marejeo ilisema kwamba duka linaweza, likipenda, kumpa muuzaji nafasi ya kwanza ya kununua. Bei ya kununua haikutajwa. Nilirudisha karatasi bila kutia saini. Mhudumu hakuwa mkali wala mjanja kwa sura, na inawezekana kabisa kwamba yeye mwenyewe aliamini alichokuwa akikisema. Lakini neno kukomboa halikuwamo popote katika hati ile, na kama mgogoro ungetokea, hati ndiyo ingezungumza.

Haimaanishi kwamba kuuza kwa sharti la kurudisha ni jambo baya lenyewe. Upo mkataba halali wa namna hiyo, ambao katika lugha ya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, hufahamika kama mauzo yenye khiyari, na ambao sheria za nchi kadhaa zimeuwekea mipaka. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa, katika kifungu cha 1659 na vinavyofuata, inamruhusu muuzaji kujiwekea haki ya kurudisha alichokiuza kwa kurejesha bei na gharama. Muda wa haki hiyo hauwezi kuzidi miaka 5, na muuzaji akishatimiza malipo yanayotakiwa, mnunuzi hana hiari ya kukataa. Hapo neno kukomboa linakubalika hata kama umiliki ulihama, kwa sababu haki ya kurudi imeandikwa, muda wake unajulikana na bei yake inajulikana. Karatasi niliyoikataa ilikosa yote matatu. Mtu anayetaka kujua kama mkataba alioshika unastahili jina la kukomboa atafute humo mambo hayo matatu, na asipoliona hata moja ajue kwamba anauza.

Kuhusu gharama, sina budi kusema wazi kwamba huduma hii ni ghali, na maduka mengi huificha hali hiyo kwa kutaja riba ya mwezi badala ya ya mwaka. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi husikika ndogo kaunta. Kwa miezi 6 ni asilimia 60 ya kiasi kilichokopwa, na hapo bado hatujaongeza ada ya utunzaji wala ya uthamini. Kibaya zaidi ni mpango wa kuhuisha rehani, ambao mteja hulipa riba peke yake ili asogezewe tarehe. Kwa kiwango hicho hicho, mtu anayehuisha kwa miezi 10 atakuwa amelipa kiasi kinacholingana na mkopo wote, na deni lake la msingi litakuwa pale pale lilipoanza. Mpango huo unaweza kumfaa anayesubiri mshahara uliochelewa kwa siku chache. Kwa asiye na tarehe ya uhakika ya kupata fedha, unageuza haki ya kukomboa kuwa kodi anayolipia mali yake mwenyewe. Duka la kweli humwonyesha mteja, kila anapohuisha, jumla ya alichokwisha kulipa, na huruhusu malipo ya sehemu ya deni la msingi. Haya mawili niliyakuta pamoja mara chache, na yanapokosekana mimi hulipunguzia duka alama nyingi.

Tatizo la gharama ni la zamani, na historia yake inaonyesha kwamba huduma hii inaweza kujengwa kwa namna nyingine. Katika karne ya 15, watawa Wafransisko wa Italia walianzisha mifuko ya rehani iliyowakopesha maskini kwa riba ndogo. Ule wa Perugia ulianza mwaka 1462. Wapinzani walisema kwamba hata riba ndogo ni riba, na mabishano hayo yalidumu mpaka mwaka 1515, Papa Leo X alipotoa hati, katika Mtaguso wa Tano wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, iliyoruhusu mifuko hiyo kutoza kiasi cha kufidia gharama za uendeshaji. Taasisi ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1637 kwa mfano huo ipo hadi leo kwa jina la Crédit Municipal de Paris, na bado inapokea mapambo, saa na kazi za sanaa kama rehani. Waparisi waliipa jina la utani la shangazi. Kinachonivutia kwake ni kanuni moja: kitu kisichokombolewa kikiuzwa mnadani kwa bei inayozidi deni na gharama, ziada hiyo ni ya aliyekiweka.

Kanuni ya ziada ndiyo kipimo ambacho ningependa kila mteja akiulizie kabla ya kutia saini, maana inaonyesha kama duka linaona mali ile kuwa dhamana au kuwa bidhaa yake ya baadaye. Mkopeshaji anayerudisha ziada hana sababu ya kutamani mteja ashindwe, kwa kuwa akishindwa yeye anapata kilekile alichokuwa akidai. Mkopeshaji anayebaki na mali yote, hata kama thamani yake ni mara mbili ya deni, anapata zaidi mteja anaposhindwa kuliko anapokomboa, na hata kama ni mtu mwema, biashara yake imejengwa juu ya kushindwa huko. Sheria ya mikopo ya Uingereza ya mwaka 1974 ilichukua njia ya katikati: mteja hupewa angalau miezi 6 ya kukomboa, kwa mikopo isiyozidi pauni 75 mali ikipita muda huo huwa ya mkopeshaji, na kwa mikopo mikubwa zaidi inapaswa kuuzwa na ziada kurudishwa. Ninaona busara katika muda wa miezi 6, kwa kuwa mihula ya siku 30 ambayo nimekutana nayo mara kwa mara humpa mtu nafasi ya mshahara mmoja tu. Katika mipaka ya mkopo mdogo siridhiki, kwa sababu maskini ndiye anayekopa kidogo, na pete yake moja inaweza kuwa ndiyo akiba yake yote.

Kwa upande mwingine, huduma hii ina sifa moja ambayo mikopo mingine mingi haina. Katika sehemu nyingi za dunia, asiyekomboa hupoteza alichoweka na mambo huishia hapo. Hafuatwi nyumbani, mshahara wake hauguswi, na ndugu waliomdhamini hawapo wa kusumbuliwa. Nimewasikia watu wakiidharau rehani kwa kuiona ni ya waliokata tamaa, ilhali wao wenyewe wamekopa kwenye programu za simu zinazowapigia jamaa zao wote pindi malipo yanapochelewa. Mtu mwenye kitu cha thamani asichokitumia kila siku, na mwenye uhakika wa fedha itakayoingia karibuni, anaweza kuwa salama zaidi kwenye kaunta ya rehani.

Maneno hayo kuhusu kitu asichokitumia kila siku nayasema kwa makusudi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kutwaa uhai wa mtu. Cherehani ya fundi nguo, kompyuta ya mwandishi, vifaa vya fundi umeme, vyote ni mawe ya kusagia: anayeviweka rehani anakopa huku akiziba njia ambayo ingemletea fedha za kukomboa. Sikumbuki duka lililonionya kuhusu hilo, na ningelipa sifa kubwa lolote litakalofanya hivyo. Kwa simu na kompyuta kuna tahadhari ya ziada, kwamba picha, ujumbe na nywila havijawekwa rehani ingawa vimo ndani ya kifaa, na vinapaswa kunakiliwa mahali pengine na kufutwa kabla ya kukabidhi.

Utunzaji ni sehemu ambayo mteja haioni, na kwa hiyo hulazimika kuihukumu kwa dalili. Duka nililolitaja kwa mizani yake liliweka kikuku katika bahasha ya plastiki mbele yangu, likaifunga kwa gundi, na mimi pamoja na mhudumu tukatia saini juu ya mkunjo, nusu ya wino ikiwa upande huu wa kifuniko na nusu upande wa pili. Nilipokwenda kukomboa, bahasha ililetwa ikiwa bado imefungwa, saini zikiwa zimekutana kama zilivyoachwa, na mhudumu alisubiri niikague ndipo akaikata kwa mkasi. Kikuku kilipimwa tena kwenye mizani ile ile, uzito ukasomwa kutoka kwenye stakabadhi, na kiasi nilichotakiwa kulipa kilikuwa kile kile nilichokihesabu nyumbani. Katika duka jingine nilirudishiwa saa iliyokuwa imewekwa na vitu vingine bila kitambaa, kioo chake kikiwa na mstari ambao stakabadhi haikuutaja, na kwa kuwa stakabadhi ilisema saa ya mkono na hakuna zaidi, sikuwa na ushahidi wa kuonyesha ilivyokuwa. Tangu hapo hupiga picha kila ninachokabidhi, kikiwa kaunta, karibu na stakabadhi yenye tarehe.

Kuhusu mipango ya watengenezaji na wauzaji wa vifaa ambao huahidi kununua tena kifaa chao kutoka kwa mteja baada ya muda fulani, nitasema machache, kwa kuwa ni huduma ya aina nyingine. Hapo anayenunua tena ni muuzaji, mteja ndiye anayeachana na mali, na jambo la kuangalia ni kama bei iliyoahidiwa ni ya uhakika au inategemea ukaguzi utakaofanywa na huyo huyo mnunuzi. Matangazo mengine huiita kukomboa thamani ya kifaa. Mteja hajakomboa chochote, ameuza kitu kilichotumika, na apime bei hiyo kwa kuilinganisha na ile anayoweza kuipata sokoni.

Kwa anayelinganisha maduka, napendekeza maswali yake ayaelekeze kwenye siku ya kurudi: nikija kabla ya tarehe, riba itahesabiwa kwa siku au kwa mwezi mzima, nikiwa mgonjwa, ndugu yangu akija na stakabadhi na barua yangu atapewa, nikichelewa siku moja, kitu kitakuwa bado kipo. Swali la stakabadhi iliyopotea nalo lisisahaulike. Duka linalojibu kwamba asiye na karatasi hana mali halifai kukabidhiwa chochote cha thamani, na linalokabidhi mali kwa yeyote aliyeishika karatasi halifai vilevile. Linalofaa huweka jina na kitambulisho cha mwenye mali katika daftari lake, humtaka aliyepoteza atoe tamko la maandishi, hubatilisha stakabadhi ya kwanza na kumpa nyingine yenye tarehe ile ile ya mwisho.